Vakansi bila kwenda mbali: kati ya Butembo na Beni, tuende wapi?

Kila mwezi wa saba ukifika, swali ni lile lile mu nyumba nyingi za Butembo na Beni: watoto wamemaliza masomo, tuwapeleke wapi? Mwenye uwezo anasema Kampala. Mwingine anasema kwa nkambo kijijini, kisha anakumbuka kwamba nkambo mwenyewe alikimbia kijiji na sasa analala mu sebule ya nyumba yake. Walio wengi wanasema tu: "Mubaki nyumbani, muchunge wadogo wenu." Na vakansi inapita vile.

Sisi pia tulikuwa na deni. Mutoto wa ndugu ya mumoja wetu, kijana wa miaka 11, tulimuahidi mara mbili kumupeleka kuona mulima wenye barafu. Mara mbili tuliahirisha, juu habari za barabara hazikuwa nzuri. Alizaliwa mwaka wa 2014. Ni mwaka ule, mwezi wa kumi, mauaji ya raia yalianza upande wa Beni. Tangu pale ameona vita, ameona Ebola ya 2018 hadi 2020 na ndoo za maji ya klori mbele ya milango, ameona Covid, na tangu mwezi wa tano 2021 anaishi chini ya hali ya dharura. Anajua majina ya vikundi vyenye silaha kuliko majina ya nyama wa pori. Mwaka wa 2025 tukasema: basi, tutazame vizuri, tuchague, twende.

Kuchagua njo kazi yenyewe. Eneo letu halina upungufu wa mahali pazuri. Lina upungufu wa njia za kufika. Kwa hiyo hatukuandika hapa orodha ya "mahali kumi pa ajabu". Tumeandika kile tulichojifunza: wapi mutu anaweza kwenda na familia, wapi aulize mara mbili, na wapi kwa sasa aache.

Maswali ine mbele ya kubeba sanduku

Swali la kwanza ni njia, si mahali. Watu wengi wanauliza "kule kuko salama?" na wanasahau kuuliza "katikati kuko namna gani?" Uliza wale wanaopita kila siku: madereva wa bisi, wamotari, wachuuzi wanaolala njiani na mizigo. Uliza shirika la raia la pale unapokwenda. Uliza jioni kabla ya safari, na asubui uulize tena. Habari ya juzi ni habari ya zamani.

Swali la pili ni saa. Kwetu hapa, safari nzuri inaanza saa kumi na mbili asubui na inaisha mbele ya saa tisa. Ukiona saa sita imefika na ungali na nusu ya njia, rudi ao lala pale ulipo. Hakuna mulima unaohama.

Swali la tatu ni mufuko. Hesabu nauli ya kwenda na ya kurudi, chakula, pa kulala, na akiba ya usiku mumoja zaidi, juu mvua ikikata barabara utalala tu.

Swali la ine ni watu unaowabeba. Mutoto wa Butembo amezoea baridi. Ukimushusha Beni ao ziwani, malaria inamungoja, kwa hiyo chandarua kiwe mu sanduku mbele ya viatu. Muzee wa Beni anayepanda Butembo abebe shuka na shweta, hata kama anasema hana baridi.

Miezi ya kuchagua pia iko. Tuko karibu na ikweta, mvua haituachi kabisa, lakini inapunguka kuanzia mwezi wa sita hadi wa nane, na tena kidogo mwezi wa kwanza na wa pili. Njo maana vakansi kubwa ni wakati mwema wa kutembea.

Siku moja: Butembo kwa watu wa Beni

Watu wa Butembo wanacheka tukiwaambia kwamba muji wao ni mahali pa utalii. "Turisme gani? Huku ni biashara tu," mama mumoja muuzaji wa vitenge alituambia. Lakini mutu wa Beni akipanda hadi kule, kitu cha kwanza anachosema ni: "Eh, baridi!" Muji uko juu ya vilima, zaidi ya meta 1,700 toka usawa wa bahari. Mikaratusi imesimama kila upande, nyumba za matofali zinapanda na kushuka pamoja na vilima, na asubui ukungu unakaa mu bonde ya muto Kimemi mpaka jua lipate nguvu.

Kuona Butembo ni kuona namna watu walijenga muji bila kungoja serikali. Wafanyabiashara wa hapa wanaleta kontena toka Dubai na Uchina kupitia bandari ya Mombasa. Chuo Kikuu cha Graben kilifunguliwa mwaka wa 1989, na Askofu Emmanuel Kataliko, aliyeongoza dayosisi ya Beni-Butembo toka 1966 hadi 1997, wazee wangali wanamutaja wakizungumuza juu ya barabara na shule. Tembea kwa miguu toka soko mpaka katedrali. Simama kuona vijana wa chukudu wakishuka mutelemuko na mizigo, pikipiki ile ya mbao bila mashini, breki yake ni kiatu. Halafu kula viazi ya Lubero na nyama ya mbuzi. Siku imeisha, na haujatumia franga nyingi.

Ukiwa na nusu siku zaidi na habari za njia ni njema, shuka kusini upande wa Musienene na Lubero. Butembo iko kaskazini kidogo ya ikweta, Lubero iko kusini kidogo. Mahali fulani kati ya miji hii miwili, mu hizi kilometa 45, bisi inavuka mustari unaogawa dunia nzima, na abiria wanaendelea kusinzia. Mwambie mutoto wako. Muonyeshe kwenye ramani ya simu wakati nukta inapita juu ya sifuri. Hailipishwi. Lakini usipite Lubero kwenda mbele zaidi: tangu katikati ya 2024, vita na M23 ilifika kusini ya teritware ile, na Kanyabayonga ilianguka mwezi wa sita mwaka ule.

Siku moja: Beni kwa watu wa Butembo

Toka Butembo hadi Beni ni kilometa 54. Unashuka, na kila unaposhuka unavua nguo moja: kwanza shweta, kisha koti. Mikaratusi inaisha, michikichi na migomba inaanza, na kando ya barabara unaona mbegu za kakao zimetandazwa juu ya maturubai kukauka.

Kijana wetu alizaliwa mu eneo linalouza kakao mpaka Ulaya, na hakuwa anajua kwamba shokola inatoka pale. Mukulima mumoja alipasua tunda moja mbele yake, akamupa mbegu moja yenye nyama nyeupe. "Nyonya, usitafune," akamwambia. Akanyonya. Ilikuwa tamu kama stafeli. Akauliza: "Papa, na shokola inakuwaka wapi hapa ndani?" Mukulima akacheka. "Hata miye sijawahi kuiona, mwanangu. Miye naonaka paka mufuko inaondoka."

Beni leo ni muji uliojaa. Kuna wakimbizi wa ndani toka vijiji vya kaskazini na magharibi, kuna wanajeshi, na tangu Goma iingie mikononi mwa AFC/M23 mwezi wa kwanza 2025, ofisi ya gavana wa jimbo iko hapa. Usije Beni ukitafuta kimya. Njoo kwa ajili ya soko, kwa ajili ya bundu na samaki, kwa ajili ya mti wa kivuli na kiti cha plastiki jioni kwenye bulvari Nyamwisi. Na lala pale usiku mumoja, juu kitu kikubwa cha Beni kinaonekana asubui tu, na hakiko Beni.

Tuliamuka mbele ya saa kumi na mbili. Usiku mvua ilinyesha, mawingu yakasafika. Upande wa mashariki, juu ya miti, juu ya mabati, juu ya kila kitu, kulikuwa na mustari mweupe. Kijana akasimama na muswaki mu kinywa.

"Yaya, ile ni mawingu?"

"Hapana. Ile ni barafu."

Alinyamaza kidogo. "Iko Kongo?"

Nusu yake iko Kongo, tukamujibu, na nusu iko Uganda. Saa mbili asubui mawingu yalirudi na mulima ukafungwa kama mulango.

Siku mbili ao tatu: Mutwanga na mulima Rwenzori

Mulima ule ni Rwenzori. Kilele chake, Margherita, kina meta 5,109: ni cha tatu kwa urefu mu Afrika yote, nyuma ya Kilimanjaro na mulima Kenya. Wa kwanza kufika juu ni watu wa mujukuu wa mufalme wa Italia, Mutemi wa Abruzzi, mwaka wa 1906, wakipitia Uganda. Upande wetu, Xavier de Grunne wa Ubelgiji aliongoza wachunguzi mwaka wa 1932. Njia ya Kongo inaanzia Mutsora, makao ya parke ya Virunga kwa sekta ya kaskazini, karibu na Mutwanga. Inapanda kupitia vibanda vya Kalonge, Mahangu na Kyondo: kwanza mashamba, kisha musitu, kisha mianzi, kisha miti iliyovaa ndevu za kuvu, halafu mimea mikubwa inayofanana na kabichi kubwa kuliko mutu, na mwisho mawe na barafu. Barafu yenyewe inapunguka mwaka kwa mwaka kwa sababu ya joto la dunia. Watoto wa kijana wetu labda hawataiona.

Tuseme wazi: kupanda mpaka barafu ni safari ya siku nyingi, ya watu wazima wenye nguvu, na hakuna kupanda bila ruhusa ya ICCN na bila mulinzi wa parke. Uliza Mutsora kwanza. Wakikuambia hapana, ni hapana. Vijiji vya chini ya mulima viliona mashambulizi ya ADF miaka hii, na hata barabara ya Beni–Kasindi, kilometa 80, ina siku zake nzuri na siku zake mbaya. Kazi ya kuitia lami ilizinduliwa mwezi wa sita 2021 na marais wawili, wa Kongo na wa Uganda, pale mupakani. Lakini lami peke yake haileti usalama.

Sisi tulifika Mutwanga kwa siku moja, tukafuata ushauri wa watu wa pale, tukarudi mbele ya jioni. Hata bila kupanda, kuna ya kuona. Maji yanashuka toka mulimani baridi sana, mutoto akitia muguu anatoa sauti. Maji yale yale yanazungusha mashini ya umeme: kiwanda cha kwanza cha umeme wa parke kilianza hapa Mutwanga mwaka wa 2013. Kwa umeme ule, watu wakafungua kiwanda cha sabuni, na kisha kiwanda kidogo cha shokola kinachotumia kakao ya wakulima wa hapa. Kwa hiyo swali la kijana lilipata jibu kilometa chache toka pale alipouliza. Tulimupa kipande. Alikula nusu, nusu akafunga mu karatasi. "Ya nani?" tukamuuliza. Akasema angependa yule mukulima aonje.

Ishango na Kyavinyonge: ziwa na mufupa

Mahali pa tatu tulipofikiria ni ziwa Edward. Miaka ya 1970 liliitwa ziwa Idi Amin, kisha jina la zamani likarudi. Upande wa Kongo kuna vijiji vya uvuvi vinavyojulikana: Vitshumbi na Nyakakoma kusini, na Kyavinyonge kaskazini. Kila mama wa Butembo anajua Kyavinyonge bila kufika, juu njo kunatoka tilapia na samaki wa chumvi anayemupika na sombe.

Karibu na Kyavinyonge, pale muto Semliki unatoka ziwani, kuko Ishango. Mwaka wa 1950, Mubelgiji Jean de Heinzelin alichimba pale akapata mufupa mudogo, si murefu kuliko kalamu, wenye mistari iliyochorwa na mutu. Una miaka karibu 20,000. Mistari imepangwa kwa makundi, na upande mumoja makundi ni 11, 13, 17 na 19. Mutoto aliyesoma hesabu atakuambia mara moja: ni namba zisizogawanyika. Wataalamu wangali wanabishana kama wazee wale walijua hivyo ao walikuwa wanahesabu siku za mwezi. Lakini kitu kimoja ni wazi: mutu alichora mistari ile hapa, kando ya ziwa letu, mbele ya piramidi za Misri. Mufupa wenyewe uko Bruxelles, mu makumbusho. Kwa kuuona, mutoto wa Butembo anahitaji viza. Kwa kuona mahali ulipotoka, anahitaji bisi na amani.

Tulikwenda? Hapana. Wiki ile wavuvi walituambia tungoje, tukangoja. Ziwani kuna vikundi vyenye silaha, na ugomvi kati ya wavuvi na walinzi wa parke haujaisha. Ukipata njia, kumbuka mambo mawili. Ishango iko ndani ya parke, kwa hiyo ruhusa inatakiwa. Na viboko wanatoka majini usiku kula majani: usitembee kando ya ziwa jioni, hata kama wenyeji wanapita. Miaka ya 1970 parke ya Virunga ilikuwa na viboko zaidi ya 25,000. Vita na bunduki vikawapunguza mpaka chini ya 1,000, na sasa wanaanza tena kuongezeka. Wale waliobaki hawana urafiki na mutu.

Zile tunaziandika kwa kesho

Kuna mahali ambapo kwa leo tunakuomba usiende, lakini tunataka majina yake yasipotee.

Epulu, mu Ituri, ni nyumba ya okapi. Okapi tunamushika kila siku kwenye noti ya franga 1,000, na wengi wetu wanafikiri ni punda. Ni ndugu wa twiga, na duniani kote, porini, anaishi Kongo peke yake. Hifadhi yake iliundwa mwaka wa 1992. Mwezi wa sita 2012 waasi walivamia Epulu, wakaua watu, na wakaua okapi 14 waliokuwa wanachungwa pale.

Mulima Hoyo, kusini ya Komanda, una mapango marefu na maporomoko ya maji yanayoshuka kama ngazi. Wazee wetu walikuwa wanakwenda kule na masomo, bisi moja, walimu wawili, siku ya posho. Leo njia ile ya Eringeti na Komanda imebeba machozi mengi.

Kasugho, magharibi ya teritware ya Lubero, iko na kitu ambacho watu wa Butembo wenyewe hawakijui: kituo cha GRACE kinacholea magorila mayatima, karibu na hifadhi ya Tayna, ambayo wenyeji na watemi wao waliianzisha wenyewe. Mwaka wa 2023, magorila majike wane walipelekwa kwa helikopta toka Kasugho hadi mulima Tshiabirimu, ndani ya Virunga, kwa kujiunga na kundi ndogo ya magorila waliobaki kule. Safari ya namna hiyo, hata mutu anaitamani.

Na kuna barabara ya Goma. Wale wenye miaka zaidi ya 30 wanaikumbuka: bisi inafika Kanyabayonga, inashuka Kabasha, na mara moja bonde yote ya Rwindi inafunguka chini, ziwa linang'aa upande, na mutu mumoja nyuma anapiga kelele: "Tembo! Tembo!" Abiria wote wanahamia dirisha moja. Ulikuwa utalii wa bei ya tiketi ya bisi. Leo mutu wa Butembo anayetaka kufika Goma anazunguka kupitia Uganda, uwanja wa ndege wa Goma umefungwa, na mulima Nyiragongo, uliotapika moto mwezi wa tano 2021, unawaka bila wageni wa kutoka kwetu.

Ng'ambo ya mupaka, mulima ule ule

Wenye makaratasi na dola chache wanavuka Kasindi. Hatutawalaumu. Toka Mpondwe mpaka Kasese si mbali, na watu wa kule, Wakonzo, wanaongea luga moja na Wanande. Ukisema "wasingya" wanakujibu. Parke ya Queen Elizabeth inagusana na Virunga: tembo hawajui mupaka, wanavuka bila kupigiwa muhuri. Mutumbwi wa mashini unakupitisha mu mufereji wa Kazinga, kati ya ziwa George na ziwa Edward, kati ya viboko na ndege. Kongo iliingia mu Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka wa 2022, na bado inafaa kuuliza kwa wahusika makaratasi gani yanaombwa siku ile. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano isisahauliwe.

Lakini tazama vizuri. Ni mulima ule ule. Ni ziwa lile lile. Upande mumoja kuna hoteli, waongozaji, vijana wanaobeba mizigo ya wageni na kulipia ndugu zao shule. Upande wetu, kijana mwenye nguvu zile zile anakata makala, ao anabeba silaha. Parke ya Virunga iliundwa tarehe 21 mwezi wa ine 1925. Ni ya kwanza mu Afrika, na mwaka wa 2025 ilitimiza miaka 100. Ina kilometa za mraba karibu 7,800, toka joto la bonde ya Semliki mpaka barafu ya Rwenzori. Tangu 1994, UNESCO inaihesabu kati ya mali za dunia zilizo hatarini. Walinzi wake zaidi ya 200 wameuawa.

Tunajua pia neno la wakulima na wavuvi, maana wengi ni wazazi wetu. "Parke ni ya nyama, si ya watu," muzee mumoja alituambia kando ya barabara. "Mutoto wangu akiingia kutafuta kuni, wanamukamata. Na miye sijawahi kuona huyu tembo banaita mali yangu." Hatukuwa na jibu la kumutosha. Lakini maneno yake ya mwisho yalibaki nasi. Mutu anachunga namna gani kitu asichowahi kuona? Wazungu wanajua Virunga kwa filamu. Sisi tunaijua kwa bariyeri na kwa mazishi. Kati ya hizo mbili kunakosa kitu kimoja kidogo: mutoto wa hapa aliyefika, akaona, akarudi kuwaambia wenzake.

Mambo madogo yanayosaidia

Tunamaliza na yale tungependa mutu atuambie mbele ya kuondoka. Beba kadi ya uchaguzi ao kitambulisho kingine, na cheti cha mutoto. Usipige picha ya mwanajeshi, ya bariyeri wala ya daraja. Acha kwa mutu wa nyumbani majina ya dereva na namba ya gari, na mupigie kila unapofika. Lipa mutu wa pale akuongoze, hata kwa saa moja; anajua njia na anajua habari. Mutoto apewe daftari: kila mahali aandike kitu kimoja alichoona na kitu kimoja alichouliza. Na kama siku ya safari habari ni mbaya, sema ukweli kwa watoto. Usiwaambie "gari imeharibika". Waambie: leo hatuendi, juu tunataka kurudi wote.

Tulirudi Butembo siku ya yenga, mbele ya mvua. Njiani tulisimama pale pa kakao. Mukulima hakuwa nyumbani. Bibi yake alipokea ile karatasi, akaifungua, akavunja kipande, akaonja. Alikaa kimya muda kidogo. Kisha akasema: "Kumbe ni chungu kidogo." Akawaita watoto wake waje kila mumoja achukue punje.

Daftari ya kijana tuliisoma kwa ruhusa yake. Ukurasa wa kwanza aliandika: Nimeona barafu, iko Kongo nusu. Chini yake, mahali pa swali, aliandika: Tutarudi lini?